Wifi kasema jiko jeupe limeshapitwa, na fundi anataka jibu Jumatatu

Shikamoo dada,

Naomba unisaidie maana hii ni wiki ya pili silali vizuri, na najua wapo watakaoona ni jambo dogo, jiko tu, lakini kwangu sio dogo hata kidogo.

Mi na mume wangu tumeweka akiba miaka minne ili tubadilishe jiko letu. Hili lililopo tulilikuta na nyumba, makabati yamepigwa vanishi ya kahawia iliyokolea mpaka inakaribia nyeusi, milango miwili haifungi, kuna droo ukiivuta inakuja yote mkononi, na ubao wa chini ya sinki umevimba kwa maji, ukiubonyeza unaingia kidole. Dirisha ni moja tu, dogo, liko juu ya sinki na linatazamana na ukuta wa jirani, kwahiyo saa nane mchana nawasha taa ndo nione ninachokatakata. Toka siku ya kwanza tunaanza kuweka akiba nilisema nataka jiko jeupe. Sikuwa nafuata mtu, nilikuwa tu nimechoka na giza.

Basi fundi kaja, kapima, kachora, kanitengenezea na mlango mmoja wa mfano, mweupe, una fremu pembeni na katikati bapa, hauna manakshi yoyote. Nimeuegemeza ukutani pembeni ya friji. Siku mbili nilikuwa na furaha ajabu, kila nikipita nauangalia. Siku ya tatu wifi yangu akaja kututembelea, akausimamia kidogo akasema, "Nyeupe tena? Mbona hiyo ilishapita, saa hizi watu wote wako kwenye kijani na mbao, we subiri miaka mitatu utaona." Hakusema kwa ubaya dada, wifi yangu ni mtu mzuri na ana jicho la vitu vya nyumba, watu wengi huwa wanamuuliza yeye kabla hawajanunua kitu, ndo maana imeniingia.

Usiku nikamweleza mume wangu nikitegemea atanitia moyo, akakaa kimya kidogo halafu akasema, "Mi kusema ukweli jiko jeupe linanikumbusha wodi." Miaka minne yote hajawahi kusema hilo neno! Sasa anataka makabati yawe bluu iliyokolea, bluu ile ya usiku, ana picha kabisa kwenye simu.

Na mimi sasa hata ule mlango nimeanza kuuona vibaya. Asubuhi uko vizuri, kama maziwa, ila usiku nikiwasha taa unakuwa na ubluu fulani hivi, wa baridi, nikikaa nao naona kweli kama wodi. Juzi mtoto wangu wa mwisho kaushika akitoka kula, akaacha alama ya kidole gumba chenye mafuta, mistari yote ya kidole inaonekana. Nilifuta na kitambaa ikatoka lakini nikawaza, nna watoto watatu, hiki kidole kimoja, je ikifika milango ishirini?

Fundi anataka jibu Jumatatu ili akanunue mbao. Dada, jiko jeupe litaendelea kuwa kwenye fasheni au nitakuwa nimetupa akiba ya miaka minne? Nimsikilize wifi, nimfuate mume wangu kwenye bluu yake, au nishike langu? Na kama nikishika langu namwambiaje mume wangu bila kuonekana namdharau?

Ni mimi, mama wa watatu


Marahaba mdogo wangu,

Barua yako nimeisoma mara mbili, na ile mara ya pili nimekwama kwenye lile dirisha. Umelitaja kwa sentensi moja ukapita ukaenda kwenye fasheni, lakini kwangu mimi jibu lako liko pale pale dirishani. Jiko lenye dirisha moja linalotazama ukuta, taa inawashwa saa nane mchana, hilo linahitaji nyeupe hata kama dunia nzima imehamia kwenye kijani. Kwahiyo nakwambia mapema usije ukasoma mpaka mwisho na wasiwasi: mwambie fundi nyeupe. Ila sio ile nyeupe uliyoiegemeza pembeni ya friji, na sio kila kitu kiwe cheupe, na hapo ndo inabidi tuongee taratibu kabla ya Jumatatu.

Tuanze na mwanga maana ndo mzizi wa yote. Rangi huwa zinapimwa kwa kiasi cha mwanga zinachorudisha. Nyeupe nyingi za ndani ya nyumba zinarudisha kati ya asilimia 80 na 90, ila bluu ya usiku kama ile ya kwenye simu ya mume wako mara nyingi haifiki hata 10. Sasa makabati ndo yanafunika sehemu kubwa ya kuta za jiko, juu na chini. Ule mwanga kidogo unaopenya dirishani ukikutana na bluu unamezwa palepale, ukikutana na nyeupe unarushwa mpaka kwenye kaunta unapokatia, kwenye sufuria, kwenye daftari la mtoto anayefanyia homuweki mezani hapo. Bluu ni nzuri mno, sitaki mume wako aone naiponda, lakini ziangalieni tena zile picha zake wote wawili halafu mtafute dirisha lilipo. Naamini mtakuta madirisha makubwa, pengine pande mbili, na taa zimefichwa chini ya makabati ya juu. Kwenye jiko lenu makabati yote yakiwa bluu mtarudi kulekule kwenye vanishi ya kahawia, tofauti itakuwa ni mpya.

Sasa swali lenyewe, nyeupe itadumu au haidumu.

Nyeupe ya jikoni ina zaidi ya miaka 100 na ilianza kwa hofu, urembo ulikuja baadaye. Mwishoni mwa miaka ya 1800, kazi za kina Louis Pasteur na Robert Koch zilipowaonyesha watu kwamba magonjwa yanaletwa na vijidudu, watu wakaanza kutaka sehemu ambazo uchafu hauna pa kujificha, wakaweka vigae vyeupe, sinki za enameli nyeupe, kuta za kuoshwa na sabuni. Vile vigae vidogo vyeupe vya mstatili ambavyo naamini umeviona kwenye majiko mengi, vilipata umaarufu kwenye stesheni za treni za chini ya ardhi za New York zilizofunguliwa 1904, na vilipendwa kwasababu hiyohiyo, vinaosheka na vinarudisha mwanga kule chini kusikofika jua. Kwahiyo mume wako aliposema wodi, mdogo wangu, hakukosea na wala hakukuonea. Jiko jeupe na hospitali nyeupe ni ndugu wa tumbo moja. Hilo nitalirudia maana naona ndo limekuchoma kuliko la wifi.

Baada ya hapo rangi zikaja zikapita. Mwaka 1926 mbunifu wa Austria, Margarete Schütte-Lihotzky, alibuni jiko dogo kwa ajili ya nyumba za wafanyakazi mjini Frankfurt, yakajengwa kama 10,000 hivi, na watu wa siku hizi wanalitaja kama babu wa majiko yote ya kujengea ukutani. Unajua makabati yake mengi yalikuwa rangi gani? Bluu inayoingia kwenye kijani, kwasababu waliamini nzi hawapendi kutua kwenye rangi hiyo. Yaani kijani anachokisema wifi yako nacho kina karibu miaka 100. Miaka ya 1950 huko Marekani zikaja rangi laini, pinki, feruzi, njano iliyopauka. Miaka ya 1970 ikawa kijani cha parachichi na njano ya dhahabu, mpaka mafriji yalitengenezwa kwa rangi hizo. Ikaja mbao ya mwaloni, ikaja mbao yenye wekundu pamoja na graniti yenye madoadoa, halafu miaka ya 2010 nyeupe ikarudi kwa kishindo mpaka ikawa kama sare, na sasa watu wamechoka sare wamekwenda kwenye kijani na mbao.

Kwenye msafara wote huo, jiko la kijani cha parachichi ukilionyesha kwa mtu anayejua mambo haya atakutajia muongo wake palepale, lakini kabati jeupe la kawaida, lenye fremu na katikati bapa kama lako, hawezi. Umbo hilo la mlango lilienea kutokana na fenicha za Washaker, jamii ya kidini ya Marekani ya tangu miaka ya 1700, waliokuwa wanakwepa manakshi kwa imani yao, na limepita kwenye fasheni zote hizo likiwa hai. Mlango wako usiuguse umbo lake, fundi amefanya vizuri.

Ila wifi yako na yeye ana ukweli wake, na nakuomba umpe haki yake. Anachokiona kimepita ni kile kifurushi kizima cha miaka ya 2010: makabati meupe yanayong'aa, kuta za kijivu, sakafu ya kijivu, kaunta nyeupe yenye mishipa ya kijivu, vigae vyeupe vya mstatili na grauti nyeusi (ile ya kujazia katikati ya vigae), balbu nyeupe ya baridi. Hicho kweli mtu anaweza kukiwekea mwaka. Ukienda dukani ukachukua kifurushi chote kama kilivyo, baada ya miaka michache utaona alichokuwa anakiona. Lakini vitu vinavyokitia mwaka ni kijivu na mng'ao na vile vigae, yaani vitu vinavyoizunguka nyeupe, na vingi kati ya hivyo havigusi makabati yako kabisa.

Haya twende kwenye ule mlango. Umeandika kwamba asubuhi ni maziwa na usiku unageuka ubluu, na nimefurahi mno umeliona hilo mwenyewe maana watu wengi hawalioni mpaka milango yote ishafungwa ukutani. Hakuna nyeupe tupu. Rangi nyeupe zote zina kirangi kidogo kimejificha ndani, nyingine umanjano, nyingine ubluu, nyingine kijivu, uwaridi, hata ukijani, na balbu ndo inakichokoza kitoke. Chukua karatasi nyeupe ya kawaida ya kuandikia, ibandike katikati ya mlango, uangalie asubuhi, saa nane mchana, halafu usiku taa ikiwaka. Pembeni ya karatasi utaiona nyeupe yako inaegemea wapi. Halafu kabla hujaihukumu nenda kwenye balbu, isome, kuna namba inaishia na herufi K. Ikiwa 6500 au karibu na hapo, hiyo ndo inayokuletea wodi usiku, maana mwanga wake unaegemea kwenye ubluu na chochote cheupe unachokiweka chini yake kitaonekana cha baridi. Nunua balbu moja ya 2700 au 3000, na kama kwenye boksi wameandika CRI chukua iliyofika 90 kwenda juu, hiyo inaonyesha rangi vizuri. Iweke leo, uangalie mlango huohuo usiku wa leo. Inawezekana nusu ya ugomvi wa nyumbani kwenu ni balbu tu.

Hata hivyo mi ningemwambia fundi abadilishe na nyeupe yenyewe, aende kwenye iliyo na umanjano kidogo sana, kidogo cha kutosha usiione ukiwa huna karatasi pembeni. Usiende mpaka kwenye rangi ya krimu, maana dirisha lako halina jua la kuichangamsha, itaonekana kama nyeupe iliyochakaa. Na asikupakie kwenye kipande kidogo kama kadi. Mwambie apake kwenye ubao wa kama sentimita 60 kwa 60, uutembeze jikoni, uuweke chini, uuinue pale kabati la juu litakapokaa, uuweke pembeni ya kaunta unayoitaka na kigae unachokitaka. Nyeupe mbili zisizopatana zikikaa jirani, ile yenye umanjano inaonekana chafu hata kama umetoka kuiosha sasa hivi, na hakuna sabuni itakayokusaidia.

Sasa mume wako. Mwaka 1914 daktari mmoja wa upasuaji wa San Francisco, Harry Sherman, alibadilisha chumba chake cha upasuaji kutoka nyeupe akakifanya kijani, kwasababu ule mng'ao wa kuta nyeupe na mashuka meupe ulikuwa unamuumiza macho akigeuka kuangalia kidonda. Yaani hospitali zenyewe zililiona tatizo analolisema mume wako. Kinachomsumbua nadhani ni mng'ao, na ubaridi wa taa, na kutokuwepo kitu chochote cha kupumzishia jicho, na hayo yote yana dawa bila kuhama kwenye nyeupe. Milango isiwe ya kung'aa kama kioo, iwe na mng'ao mdogo ule wa hariri, unafutika vizuri lakini hauchomi macho. Taa ndo hiyo tumeshaizungumza. Halafu weka mbao halisi, ile yenye rangi yake ya asili, sehemu mtu anapoiona na anapoigusa, shelfu moja au mbili za wazi pembeni ya dirisha, au kipande cha kaunta kile ambacho hakipati maji, au meza na viti basi. Mbao ndo inayoondoa uhospitali, kwa uzoefu wangu hamna kitu kingine kinachofanya kazi hiyo haraka hivyo.

Na bluu yake apewe. Hapa sitanii wala simaanishi umpoze, apewe kweli, mahali ambapo itapendeza. Kama kuna kabati refu la stoo ya vyakula limejitenga pembeni, mbali na dirisha, hilo liwe bluu ya usiku yote juu mpaka chini. Kama hamna, basi pakeni bluu ukuta mmoja, ila usiwe ule unaotazamana na dirisha, uwe wa upande mwingine, ambao mwanga hauutegemei. Ukuta ukichosha unapakwa upya mwisho wa juma mmoja. Nyumba nyingi siku hizi zinafanya makabati ya juu meupe na ya chini bluu, na mngeweza, inasaidia hata alama za miguu ya watoto na maji ya kudekia, ila kwenye jiko lenye giza kama lenu mi ningebakiza nyeupe na chini pia, na ule ubao mwembamba wa chini kabisa unaogusana na sakafu ndo uwe wa mbao au wa rangi iliyokolea, maana huko ndo dekio linagonga kila siku.

Nirudi kwenye kidole gumba cha mtoto. Nyeupe inaonyesha matone, ni kweli, chai, mchuzi, mafuta, na bizari ya manjano ndo mbaya zaidi kwasababu ukiiacha mpaka kesho inaingia. Lakini rangi iliyokolea nayo inaonyesha, tena inaonyesha vumbi, inaonyesha chumvi ya maji yaliyokauka karibu na sinki, na hivyo hivyo vidole vyenye mafuta vinakaa juu ya bluu kama ukungu. Ulivyosema umefuta na kitambaa ikatoka, hiyo ndo habari muhimu, kwahiyo hapo rangi ya fundi imefaulu mtihani. Weka mishikio kwenye milango yote na droo zote, ile ya kushika vizuri na mkono mzima, usiende kwenye mtindo wa milango isiyo na mshikio ambayo lazima uisukume na vidole. Na watoto watatu, droo ya chini wanayoichukulia vikombe iwekee mshikio mrefu kabisa.

Kinachonitisha mimi kuhusu nyeupe ni kugeuka njano, na hili naomba umbane fundi. Jiko langu nililipaka jeupe miaka mingi iliyopita kwa rangi ya mafuta, nilishauriwa hivyo na aliyelipaka, na mwaka wa kwanza lilikuwa linang'aa vizuri tu. Kwenye mlango wa kabati karibu na sinki nilikuwa natundika kitambaa cha kufutia vyombo, kila siku hapohapo. Siku moja nikakitoa nikafue, sikukirudisha, kesho yake naingia jikoni asubuhi naona umbo la kitambaa mlangoni, mstatili mzima na mpaka ile kona iliyojikunja, umanjano kabisa wakati mlango wote pembeni uko mweupe. Nikadhani ni uchafu nikasugua mpaka mkono ukauma. Kumbe rangi za mafuta zinageuka njano zaidi mahali ambapo mwanga haufiki, mwanga ndo unaozuia. Nikafungua makabati kwa ndani, yote njano, nyuma ya kalenda njano. Sasa wewe na dirisha hilo dogo, ukipaka rangi ya mafuta utakuwa umeutundika mlango mzima nyuma ya kitambaa. Mwambie fundi unataka rangi ya maji ya akriliki ile ngumu maalumu kwa makabati, au kama ana mashine ya kupulizia, ile ya poliurethani ya kuchanganya sehemu mbili, na kwenye hiyo ya pili amuulize muuzaji kama ni aina isiyogeuka njano maana zipo zinazogeuka. Kama anakuletea milango iliyovishwa plastiki, basi isikae karibu na oveni wala juu ya birika la umeme, joto na mvuke vinaibandua pembeni. Na feni ya kuvuta moshi juu ya jiko usiikate kwenye bajeti, bora ukate kitu kingine, maana mvuke wa mafuta unatua kila mahali na kwenye nyeupe ndo unaonekana.

Kwenye kaunta sitakaa sana. Jiwe la marumaru ni zuri lakini limao na siki vinalila, vinaacha alama isiyong'aa hata ukifuta, kwahiyo kwa nyumba ya watoto watatu mi nisingeliweka. Kwazi, lile jiwe la kutengenezwa kiwandani, haina shida hiyo, ila ina gundi ndani yake, usiweke sufuria ya moto moja kwa moja. Graniti inavumilia moto vizuri. Grauti ya vigae iwe ya epoksi kama mtaweza, haishiki madoa, na isiwe nyeupe, chukua rangi ya mchanga.

Kuongea na mume wako, usianze na "nimeamua". Wala usianze na "dada wa ushauri kasema". Badilisha balbu kwanza, subiri usiku uingie, muite asimame nawe jikoni muuangalie mlango pamoja. Mwambie ukweli kwamba neno lake la wodi ulilisikia, limekuuma kidogo kwasababu hakulisema miaka yote minne, lakini ulipolifikiria umeona ana hoja, na muulize nini hasa kinamkumbusha wodi, ni mng'ao, ni taa, ni weupe wenyewe? Muache ajibu mwenyewe. Inawezekana ana kumbukumbu ya wodi unayoijua au usiyoijua, watu wana mambo yao hawajayasema, na kama ni hivyo hilo ni zito kuliko rangi, kaa naye hapo kwanza, jiko litasubiri. Kama ni mng'ao na taa basi mwonyeshe saa nane mchana vile jiko lilivyo giza, muweke shati lake la bluu pembeni ya dirisha halafu muweke shuka jeupe, aone kwa macho yake. Halafu muulize kabati la stoo litakuwa bluu ipi, na hiyo bluu aichague yeye peke yake, usimsaidie.

Wifi yako mpigie simu umuombe akusindikize kuchagua mishikio na bomba la sinki. Umesema ana jicho, basi litumie. Hivyo ndo vitu vya fasheni kweli, shaba ya mwaka huu, nyeusi ya mwaka jana, na vinafunguliwa na bisibisi jioni moja. Cha muhimu mwambie fundi umbali kati ya tundu na tundu kwenye kila mshikio uwe wa kipimo cha kawaida, milimita 128 au 160, wote sawa, ili siku mkitaka kubadilisha mtapata mingine inayoingia kwenye matundu hayohayo bila kuziba na kutoboa upya.

Na Jumatatu fundi akija, kabla hajaondoka kwenda kununua mbao, muombe vitu viwili zaidi. Kwanza ubao wa chini ya sinki uwe wa mbao isiyovimba kirahisi, marine plywood wanaiita, na kingo zote zizibwe, maana ule wa sasa ushakuonyesha maji yanapita wapi. Pili, akimaliza kupaka akuachie nusu lita ya rangi ileile kwenye kopo lililofungwa vizuri, na namba ya mchanganyiko aiandike kwa kalamu juu ya mfuniko. Ule mlango wa mfano usimrudishie. Aupake nyeupe mpya kama mingine yote, uufunge kwenye nguo kuukuu uuweke juu ya kabati la chumbani, siku mlango mmoja ukigongwa na baiskeli ya mtoto unao wa kuweka.